Kitabu cha harusi ya kifalme kilichouzwa bila harusi

Binti yangu wa miaka minane alimwamkia muuza vitabu mara mbili, na mara zote mbili shikamoo yake haikuitikiwa. Ninaanza na jambo hilo kwa sababu ndilo lililonikaa moyoni hadi leo, ingawa nililokusudia tangu mwanzo ni kuwaeleza wazazi wenzangu juu ya kitabu chenyewe, ambacho kwa kiasi kikubwa ni kitabu kizuri.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Tukuyu wakati wa baridi, na binti yangu alikuwa amechaguliwa kushika maua. Kwa siku nyingi nyumbani kwetu Uyole hapakuwa na mazungumzo mengine. Kwa hiyo nilipoona katika duka moja la vitabu jijini Mbeya hadithi ya watoto inayohusu vichimbakazi wanaookoa harusi ya mtoto wa mfalme, nilikilipia kitabu hapo hapo bila hata kukifungua. Bibi yake alishtuka kidogo aliposikia neno kichimbakazi, kwa kuwa alizoea kulisikia likitajwa kwa viumbe wa kutisha watoto usiku, lakini hawa wa kitabuni ni viumbe wadogo wenye mabawa na roho nzuri, na baada ya sura ya kwanza bibi naye alikuwa amesogeza kigoda chake karibu na jiko ili asikilize.

Hadithi inakwenda hivi. Katika nchi ile ndoa ya kifalme haifungwi mpaka kengele kubwa ilie, na jua likizama kabla haijalia, kiti cha enzi kinachukuliwa na ami yake bwana harusi. Asubuhi ya harusi watu wanakuta ulimi wa kengele umeibwa na kunguru. Wanaoondoka kuutafuta ni binti wa mpishi na kichimbakazi mmoja ambaye bawa lake limechanika, hivyo analazimika kubebwa katika mfuko wa aproni. Kuna mahali ambapo binti wa mpishi anapuliza unga hewani juu ya paa, na unga unapotua, nyayo za kunguru zinaonekana. Sehemu hiyo ilimwingia mwanangu kiasi kwamba usiku ule alinyunyiza sembe nyuma ya mlango wa jikoni, na alfajiri akaja kuniamsha kwa furaha kunionyesha alama za miguu ya kuku wetu. Sijawahi kumwona akishikwa na kitabu namna ile.

Usiku uliofuata tulifika ukurasa wa 64. Mstari wa mwisho ulisema: «Kunguru akafungua mdomo, na». Aliposoma ukurasa uliofuata, tulijikuta tumerudi kwa binti wa mpishi akiwa bado anapanda ngazi za mnara, jambo tuliloshalisoma. Mwanangu alidhani amekosea yeye. Alirudi nyuma, akalowesha kidole kwa ulimi, akajaribu kutenganisha karatasi akiamini kuwa mbili zimegandana, kisha akasoma tena mstari ule ule kwa sauti ya chini. Hapakuwa na karatasi zilizogandana. Vitabu vya namna hii huchapwa juu ya karatasi kubwa inayokunjwa mara tatu ikatoa kurasa 16, na mafungu hayo ndiyo hupangwa kwa mfuatano na kuunganishwa kwenye uti wa kitabu. Aliyepanga nakala yetu aliweka fungu la ukurasa wa 49 hadi 64 mara mbili, na fungu la mwisho hakuliweka kabisa. Tulikuwa tumenunua kitabu cha harusi kisicho na harusi.

Kosa la kiwandani ninalielewa, na laiti mambo yangeishia hapo nisingeandika neno.

Jumamosi tulipanda daladala mimi na binti yangu, yeye akiwa amekibeba kitabu kifuani kwa mikono miwili. Tulipoingia dukani akamwamkia yule mama aliyekuwa nyuma ya meza. Kimya. Akadhani hakusikika, akasogea, akapandisha sauti: «Shikamoo, mama.» Yule mama alinitazama mimi, akauliza shida ni nini. Nikamwonyesha kurasa zilizojirudia. Bila kukigusa kitabu akasema, «Mali ikishauzwa hairudishwi, kaka, imeandikwa kwenye risiti.» Nikamwambia, «Dada, sitaki fedha, naomba nakala nyingine, hiki hakina mwisho.» Akajibu, «Si hadithi ya watoto tu hiyo? Mwambie wakaoana.»

Alilisema hilo mbele ya mtoto ambaye kwa siku mbili alikuwa amelala akiwaza kunguru yule atasema nini.

Ninajua kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vinavyomlinda mlaji, na ningeweza kubishana na maneno ya risiti yake mpaka jioni. Sikubishana, kwa sababu nililolikosa pale halimo katika sheria yoyote. Pole moja tu ingetosha. Anayechagua kuuza vitabu vya watoto na asiitikie salamu ya mtoto anauza kitu asichokijali, na tangu siku ile nilianza kukichukia hata kitabu: nikaona rangi za picha zimefifia, nikaona bei ni kubwa, nikaona malkia amechorwa vibaya na ami yule mwovu hana sababu ya maana ya kuwa mwovu. Niliwaambia jamaa zangu wasikinunue.

Naomba kuyafuta maneno hayo, au angalau mengi kati yake. Shemeji yangu aliye Iringa alipata nakala kamili, akapiga picha kurasa zote 16 na kunitumia kwenye simu asubuhi ya safari ya harusi. Mwanangu alizisoma ndani ya Coaster, tukipanda kuelekea Isyonje katika ukungu mzito, huku akikuza picha kwa vidole viwili na kusoma kwa sauti hadi abiria wa kiti cha mbele wakanyamaza. Kunguru akafungua mdomo, na mlio wa kengele ukatoka. Alikuwa ameumeza ulimi ule. Kwa hiyo ndege aliyetaka kuiharibu harusi anabebwa hadi juu ya mnara, na kila anapofungua mdomo, kengele inalia mpaka nchi nzima inasikia. Ni mwisho mzuri sana, mzuri kuliko sura zote zilizotangulia, na ndiyo sababu hasira yangu iliongezeka badala ya kupungua, maana yule mama aliona inatosha mtoto aambiwe kwamba wakaoana.

Kule Tukuyu kengele ya kanisa ilipogongwa, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na maua yake, na nilimwona akiinua uso kutazama paa.

Kwa hiyo kinunueni, nasema hivyo kwa moyo wangu wote, ila kifungueni mbele ya muuzaji na mhesabu kurasa hadi 80 kabla ya kutoa fedha. Kwa lile duka siwezi kumshauri mtu yeyote aende, ingawa pengine siku ile yule mama alikuwa na mzigo wake ambao mimi sikuuona. Kila tunapopita pale kwa daladala mwanangu huniuliza kama yule mama hakumsikia. Mara ya mwisho nilimjibu kwamba huenda hakusikia, na nilijua nikisema hivyo kwamba si kweli.