Semina ya mawasiliano kwa watu wa benki: uzoefu wangu Chake Chake

Nafanya kazi kitengo cha mikopo kwenye tawi la benki hapa Chake Chake. Hivi karibuni mwajiri alitulipia semina ya mawasiliano na mahusiano na wateja, wakufunzi wakitoka Dar es Salaam. Wenzangu wa Wete na Mkoani wananiuliza kama inafaa na wao waiombe. Inafaa, ila ombeni irekebishwe kwanza.

Kilichonifaa zaidi ni zoezi la murabaha, yaani benki kununua kitu anachokitaka mteja kisha kumuuzia kwa faida inayojulikana. Huduma za benki za Kiislamu, zisizo na riba, zimeshazoeleka Visiwani, Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) peke yake inazo tangu 2011, lakini kumueleza mtu akafahamu ni kazi nyengine. Mkufunzi alijifanya mvuvi anayetaka mashine ya boti, akatuuliza swali tunalolisikia kila siku: "Hii faida yenu na riba vina tofauti gani?" Tukamjibu kwa lugha ya vipeperushi. Kila tulipomaliza, yeye akasema, "Sijafahamu." Mwisho dada mmoja wa kaunta akaweka makaratasi pembeni, akamwambia: mashine inauzwa milioni 3. Benki inainunua, inakuwa mali ya benki, kisha inakuuzia wewe kwa milioni 3 na laki 3. Ile laki 3 ndiyo faida yetu, unaijua tangu leo. Utalipa 275,000 kila mwezi kwa miezi 12, na bei tuliyokubaliana haipandi hata ukichelewa.

Ukumbi mzima ulinyamaza, maana kila mtu alifahamu. Tangu hapo naandika hesabu kwa kalamu mbele ya mteja kabla sijampa fomu. Anayeona marejesho yatamshinda husema mapema, kabla hajamwingiza mdhamini wake. Na hili si hisani yetu: kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iweke gharama wazi na iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko.

Somo la kumkatalia mtu mkopo nalo lilikuwa zuri. Uamuzi utangulie, sababu ifuate, kisha umwambie afanye nini ili aombe tena. Tumezoea "njoo wiki ijayo" kwa kuona haya, na mzee wa watu anapanda gari kutoka Micheweni mara kwa mara, nauli inamtoka bure. Kumwambia ukweli siku ile ile ndiyo heshima.

Sehemu ya maamkizi sikuikubali. Tulipewa maneno ya kukariri: karibu, jina langu fulani, nikusaidie nini. Pemba ukimwanzia bibi hivyo bila shikamoo, bila kumuuliza hali za nyumbani, umeshamkosa, hata ungemhudumia vizuri vipi. Mkufunzi alihofia foleni. Lakini makarani wazuri ninaowajua huamkia huku mikono inahesabu noti, na foleni inakwenda.

Na siri ya mteja ilipitiwa juu juu, wakati kwetu ndiyo jambo kubwa. Hapa tunajuana. Msimu wa karafuu, mtu akishalipwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, anakuja kuweka fedha, nyuma yake kwenye foleni yupo shemeji, yupo jirani, yupo anayemdai. Ukitamka salio lake kwa sauti, jioni kijiji kizima kinajua. Sisi wenyewe tulipendekeza kiasi kiandikwe kwenye kikaratasi na kusukumwa chini ya kioo, na mazungumzo ya mkopo yafanyike chumbani. Mkufunzi alilipokea vizuri, akaliandika. Lingestahili kuwa somo kamili.

Makaratasi yote yalikuwa ya Kiingereza ilhali wateja wetu tunazungumza nao Kiswahili kutwa. Zoezi la murabaha lilifana kwa sababu lilifanywa kwa Kiswahili, basi na mengine yafanywe hivyo hivyo. Walinzi wa mlangoni nao hawakualikwa. Mteja asiyejua kusoma humuuliza mlinzi kabla ya mtu yeyote: foleni ipi, fomu ipi, kitambulisho gani. Akijibiwa kwa ukali pale, wengine hugeuza.

Kwa maafisa wa mikopo na watu wa kaunta, naipendekeza kwa moyo mmoja. Wete na Mkoani, mkiiomba, tajeni tangu kwenye barua kwamba mnataka makaratasi ya Kiswahili, walinzi wawemo, na muda mrefu zaidi wa kuzungumzia siri za wateja.