Corolla 110 kwa barabara za Mwanza: gari la likizo ambalo bado halijachoka

Shule zikifunga mwezi wa sita, njia ya Igoma kuelekea Kisesa, Magu na Bunda hujaa magari madogo yaliyosheheni: watoto wamebanana kiti cha nyuma, mabegi miguuni, sukari na sabuni za bibi kwenye buti. Mengi ya magari hayo bado ni Corolla za miaka ya tisini. Waliokuwa wakisinzia kwenye kiti hicho cha nyuma enzi zile leo ndio wanaoshika usukani, na swali lao ni moja: gari la mzee libakie, au liuzwe?

Libakie, mradi mwenye gari yuko tayari kuujali mfumo wa maji (unaopoza injini) na mfumo wa moto (plagi na waya zinazotoa cheche). Hiyo miwili ndiyo inayoziua Corolla 110 hapa Mwanza. Magonjwa mengine yote ya gari hili hubisha hodi mapema.

Tunazungumzia umbo lililoanza kutoka Japani mwaka 1995 na kuendelea hadi 2000. Usisikilize maneno ya muuzaji, soma kibati kwenye ukuta uliopo nyuma ya injini. AE110 ina injini ya 5A-FE, cc 1498. EE111 ina 4E-FE, cc 1331. Kwa mji wa milima na mawe kama huu, chagua AE110. EE111 haina tatizo kwenye tambarare, ila ikibeba watu watano huku AC inafanya kazi, kupanda Bugando au Isamilo inabidi uikamue, na injini inayokamuliwa kila siku huzeeka kwa joto. Sprinter AE110 ni gari lilelile kwa ndani, kwa hiyo spea za injini zinaingiliana na hukosi spea za mtumba kutoka magari yaliyopasuliwa.

Kwenye lami, 5A yenye afya hutembea kilomita 12 hadi 14 kwa lita. Mwanza hadi Musoma ni kama kilomita 220, yaani lita 16 hadi 18, na tangi ni lita 50. Unakwenda na kurudi bila kutafuta kituo cha mafuta.

Sasa maji. Mji huu uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko wenye alama ya 0.9, yaani kipimo cha mgandamizo wake, ukiwa mzima huyabana hadi yavuke nyuzi 115 bado yakiwa maji. Mpira wake ukikakamaa, gari litachemsha mlimani huku rejeta, pampu na feni vyote ni vizima, na mwenye gari atashauriwa kufungua hedi (kichwa cha injini) bure. Kwa hiyo anza hapo kila mara. Injini ikiwa imepoa, fungua mfuniko, tazama kama mpira una nyufa, kisha vuta kwa kucha kile kivalvu kidogo cha katikati: kinatakiwa kurudi chenyewe bila kukwama. Ukisita, nunua mwingine. Ni spea ya bei ndogo, na inaokoa ya bei kubwa.

Baada ya mfuniko, themostati: valvu inayoyaachia maji yaende kwenye rejeta yakishapata joto. Kuna mazoea ya kuing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Ni kosa, na kwa injini hii ni kosa kubwa. Themostati ya 5A hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na inapofunguka huibana njia ya mkato ambayo maji hupitia bila kufika kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote: sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini tu bila kupozwa. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao vya ufundi wanaonya isiondolewe hata kama gari linachemsha. Tena asubuhi injini huchelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi, na mwenye gari analalamika kwamba 5A inakunywa. Ukirudisha mpya, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kiwe juu, ili hewa itoke.

Feni ina kipimo rahisi ambacho wengi hawakijui. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa soketi ya swichi ya joto inayoendesha feni. Feni lazima izunguke palepale, maana Toyota za enzi hizo waliunganisha kwa namna kwamba waya ukikatika feni inafanya kazi. Ikizunguka na ukirudisha soketi ikatulia, lakini injini ikipata joto feni haizunguki, swichi ya joto imekufa. Isipozunguka kabisa, tafuta fyuzi, relei au mota yenyewe. Kuiunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote si matengenezo. Ni kuficha ugonjwa na kumaliza kaboni za mota.

Kujaza maji nako kuna utaratibu. Mfumo unachukua kati ya lita 5 na 6, nusu kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu maji safi ya betri. Maji ya bomba na ya ziwa yaache, yanajenga ukoko kwenye mirija myembamba ya rejeta. Sogeza kitufe cha hita hadi kwenye joto kali, mimina polepole, washa injini mfuniko ukiwa wazi, binyabinya paipu ya juu mpaka mapovu yaishe, subiri paipu zote mbili za rejeta ziwe za moto, ongeza, funga. Jaza na chupa ya akiba hadi alama ya FULL. Kesho yake asubuhi fungua uangalie tena. Kiwango kikishuka kidogo ni hewa iliyotoka. Kikiendelea kushuka kila siku bila tone chini ya gari, au mapovu hayakomi kwenye rejeta injini ikinguruma, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo ndipo gasketi ya hedi inahusika. Likichemsha njiani, zima, usifungue mfuniko kwa nusu saa walau, na usimwagie injini maji baridi: hedi ni ya aluminiamu na itapinda.

Mfumo wa moto ni mwepesi zaidi. Ugonjwa unaoipata karibu kila 5A ya umri huu ni oili kuingia kwenye visima vya plagi. Dalili: gari linamisi (injini inakatakata) asubuhi au likibeba mzigo, na waya ya plagi ikitolewa ncha yake imelowa oili. Fundi akibadilisha plagi na waya peke yake, utarudi kwake baada ya muda mfupi, kwa sababu oili inapita kwenye raba nne za duara zilizo chini ya kava ya juu ya injini. Badilisha raba hizo nne pamoja na gasketi ya kava, futa visima vikauke kabla ya kutoa plagi, la sivyo oili inashukia kwenye silinda. Plagi zinatoka kwa soketi namba 16 yenye raba ndani. Ziingize kwa mkono kwanza hadi mwisho, ndipo ukaze kidogo; nyuzi za aluminiamu hazisamehe. Waya zipime kwa mita: yoyote inayozidi kilo-omu 25 ni ya kutupa. Waya zikichanganyika, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Tazama pia chini ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwenye waya za plagi. Ikiwa imelowa oili, ni oringi (raba ya duara) ya shina lake, kazi ndogo sana.

Taa ya cheki injini isikupeleke kulipia kompyuta ya kupimia. Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo cheusi chenye neno DIAGNOSIS kwenye kifuniko. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha, kisha hesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa kwa mwendo uleule bila kukatika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Mbili, kituo, mbili ni 22, kihisi cha joto la maji. 31 ni kihisi cha mgandamizo wa hewa, 41 ni cha mkao wa kilango cha hewa (throto), 21 ni kihisi cha oksijeni. Ukimaliza kutengeneza, chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kumbukumbu ifutike. Uzuri huu magari mengi ya kisasa hayana, na kwangu ni sababu tosha ya kulipenda gari hili.

Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama hujui historia yake, ubadilishe leo pamoja na beringi yake na sili za mbele; pampu ya maji ikaguliwe hapohapo. Ukikatika, kwa 5A valvu hazigongani na pistoni, gari huzimika tu. Ila kuzimikiwa na watoto ndani usiku katikati ya Lamadi na Bunda si jambo la kujaribu. Oili ya injini ni lita 3 na ushee pamoja na filta. 15W-40 inatosha, kila kilomita 5,000. Kwenye otomatiki ya gia tatu, diferenshiali ina oili yake peke yake na boliti yake ya kujazia. Wengi hubadilisha ya gia na kuisahau hiyo, mpaka ianze kulia.

Chini, mawe ya barabara za mitaani hula kwanza bushi za lowa ami (mikono ya chini inayoshika magurudumu) na boljointi. Mlio wa kugonga kwenye matuta madogo kwa mwendo mdogo ni bushi au linki. Mlio wa tak-tak unapokata kona kali ni sivii jointi (kiungo cha ekseli kwenye gurudumu) ambayo buti yake, yaani raba inayoifunika, ilichanika vumbi likaingia. Buti iliyochanika ukiiona mapema unabadilisha buti na grisi tu. Kabla ya safari vuta pia mikanda ya kiti cha nyuma mmoja mmoja kwa nguvu uone inashika, na bonyeza kufuli za watoto kwenye kingo za milango.

Bodi ina adui wa hapa kwetu: samaki. Gari lililobeba sangara na sato kwenye barafu lina maji yaliyojipenyeza chini ya zulia la buti hadi kwenye shimo la tairi ya akiba. Toa tairi, bonyeza bati kwa bisibisi. Likibonyea, kutu imeshapita. Kuoshea gari ufukweni kunaongeza tatizo, maji yakirushwa kwenye injini yanaingia kwenye distributa, na mafuta yote yanaishia ziwani tunakovua.

Ukienda kununua, usikubali injini iliyowashwa kabla hujafika. Shika boneti kwanza, iwe ya baridi. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha tu ni sili za valvu, unavumilika. Unaotoka ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Lipia kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: nzuri ni karibu psi 190, chini ya 142 imechoka, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda ni ringi, mwachie mwenyewe gari lake. Isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Hiyo inatengenezeka, na bei ya kazi hiyo ikatwe kabla hujatoa hela.