Programu ya vibubu kwa kichwa kama changu: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: programu hii ya simu, inayogawa pesa zako kwenye vibubu, nimebaki nayo, ingawa kuna sehemu nusura zinifukuze.

Nauza mchele Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nina ADHD (umakini hautulii) na diskalkulia (ubongo unahangaika na namba), yaani tarehe zinanipita na sifuri zinanichezea. Noti za mkononi hazinisumbui: nyekundu ni elfu kumi, ya bluu ni elfu moja, rangi inaniambia kabla sijasoma namba. Tabu inaanza pesa ikiingia kwenye simu. 15000 na 150000 zikiandikwa bila mkato kwenye kioo chenye mikwaruzo, kwangu ni mapacha.

Hapo ndipo programu hii ilipounasa moyo wangu. Kabla hujaidhinisha, chini ya tarakimu inaandika kwa maneno, kwa herufi kubwa: LAKI MOJA NA ELFU HAMSINI, kisha jina la anayepokea. Inakusubiri usome, haina saa inayohesabu kurudi nyuma. Si hisani hiyo. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kufanya tovuti na programu zitumike na watu wenye ulemavu pia, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008, inataka muamala wa fedha uweze kutenguliwa, au ukaguliwe makosa, au mtu apewe nafasi ya kuhakiki kabla ya kutuma.

Halafu vibubu. Kila kibubu unakipa jina na picha uliyopiga mwenyewe. Cha mtaji nimeweka gunia la mchele wa Kyela, cha kodi kufuli la fremu yangu, cha ada sare ya mwanangu ikiwa kwenye kamba. Mteja akilipa, linakuja swali moja tu: ya mzigo au ya nyumbani? Nabonyeza picha, naendelea kupima. Kwa mtu wa ADHD, kisichoonekana ni kama hakipo, kwa hiyo picha zile zinanisaidia kuliko mahesabu yote ya mwisho wa mwezi. Jirani yangu wa maharage ananiambia, "Shoga, si uandike kwenye daftari kama sisi?" Madaftari ninayo mengi. Yote yameandikwa kurasa mbili za mwanzo.

Sasa kero. Kuingia ni mtihani. Neno la siri refu, na hairuhusu kulibandika, lazima uliandike herufi kwa herufi huku mteja amesimama na mfuko wake. Ukimaliza, inakuja meseji ya tarakimu sita, na ukizichanganya unaanza upya. WCAG 2.2, iliyotoka Oktoba 2023, inasema kuingia kusitegemee kumbukumbu ya mtu bila kumpa njia nyingine au msaada, na kuruhusu kubandika ni msaada wa bure kabisa. Waliojenga vibubu vizuri namna ile sijui walikuwa wapi mlango ulipokuwa unatengenezwa.

Arifa nazo! Wakati wa mavuno naenda Kyela kununua mzigo, simu inawaka nyekundu: "Umetumia zaidi ya wiki iliyopita!" Nimenunua magunia, sijanunua vitenge. Programu inajua pesa imetoka kwenye kibubu cha mtaji, lakini bado inanigombeza kama mfujaji. Kuzima arifa hiyo peke yake huwezi. Ni zote au hakuna, na ile ya kukumbusha kodi naihitaji. Niliwapigia huduma kwa wateja, kijana mpole sana akasema, "Tumelipokea, mama, tutalifanyia kazi." Bado linafanyiwa.

Duara la rangi la ripoti ya mwezi silifungui kabisa.

Mwenye kitochi asijisumbue, haiingii. Atabaki na menyu ya nyota na reli, ambayo ukisita kidogo kusoma inakata na kukurudisha mwanzo.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Siku wakiruhusu kubandika neno la siri, ya nne naiongeza hapohapo.