Nililipa saa tano, sikushika padi hata mara moja

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Ukumbi wenyewe, wa gemu za video, uko Mafiati, Mbeya, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Saa moja ni shilingi 1,000 kwenye mashine za zamani na 2,000 kwenye ile mpya, ambayo ni moja tu. Nililipa 10,000. Mpwa wangu akacheza saa zote tano, mimi nikakaa benchi la nyuma na daftari la nota magotini. Kijana wa pale aliniamkia kwa adabu kupita kiasi. Baadaye mpwa akaniambia walidhani nimetoka TRA, kwa wakusanya kodi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, Uyole. Kilichonipandisha ngazi zile ni wimbo. Mpwa wangu huimba sauti ya tatu, na siku moja kabla ya mazoezi nikamsikia anauimba midomo imefumba. Nikauandika ubaoni: d r m s l (do, re, mi, so, la), basi, f haimo wala t haimo. Nikamuuliza, "Huu umeutoa kwa bibi yako Tukuyu?" Akacheka. "Hapana mjomba, ni wa gemu. Unapigwa ukiwa umepanda farasi unazurura tu."

Sikumwamini.

Sifa kubwa ya ukumbi ni spika. Mwenyewe zamani alikuwa akipiga muziki wa maharusi, na zile spika zake mbili nyeusi, ndefu kama mtoto wa darasa la nne, amezifunga kwenye mashine mpya. Sehemu nyingine nilizochungulia mjini wanaacha sauti itoke kwenye runinga, nyembamba kama uji wa mgonjwa, na pembeni vijana wa mpira wanapiga kelele za penalti. Hapa besi inakuja mpaka kwenye ubao wa benchi unaokalia.

Tulianza na Skyrim, gemu ya 2011, muziki wa Jeremy Soule. Mwanzoni kabisa wanaume wanaimba kama jeshi linaloshuka mlimani. Walikuwa waimbaji zaidi ya thelathini, wakarekodiwa mara tatu na sauti zikapangwa juu ya nyingine, ndiyo maana masikioni wanafika tisini. (Mimi nina besi wanne, na mwezi Julai wawili wana mafua.) Wanaimba kwa lugha ya majoka iliyotungwa kwa ajili ya gemu hiyo. Nilikaa nikiwaza kwa nini mtu ajisumbue hivyo, kisha nikakumbuka sinema: kwaya ya vitani huimba Kilatini au maneno yasiyoeleweka, ili akili yako isifuate mashairi, ibaki na ukubwa wa vifua tu. Mtunzi wa gemu amelichukua hilo kama lilivyo, na kwa nini asilichukue? Kijana anayewasha mashine amekwisha kufundishwa na sinema kwamba tarumbeta ni shujaa na nyuzi nzito za chini ni hatari. Gemu haina muda wa kumfundisha upya.

Na hao wa sinema nao waliazima. Wagner alionyesha ile opera yake ndefu ya miungu na pete huko Bayreuth mwaka 1876, ambamo kila mhusika, upanga na laana vina kipande chake cha muziki kinachorudi. Miaka ya 1930 watunzi waliolelewa Vienna, kama Max Steiner na Erich Korngold, walikuwa Hollywood wakiandika hivyo hivyo kwa filamu. Mtunzi Howard Shore akaja na zile filamu za pete, The Lord of the Rings, za kuanzia 2001: watu wafupi wa mashambani akawapa filimbi ya bati na fidla, wapanda farasi akawapa fidla ya Kinorwe inayoitwa Hardanger. Tangu hapo naona kila ufalme wenye farasi unadai fidla yake.

Lakini hilo halijibu swali la wimbo wa mpwa wangu. Mbona haukuwa na tarumbeta wala jeshi?

Jibu nililipata saa ya tatu, tulipoingia The Witcher 3, ya 2015, iliyotengenezwa Poland. Watunzi wake walishirikiana na kundi la Percival, watu wa nyimbo za kale za Kislavoni, wenye ala moja inayozungushwa kwa mpini kama cherehani ya mkono: gurudumu linasugua nyuzi, na nyuzi nyingine zinashikilia sauti moja bila kuiachia, kama mzee anayeguna chini ya mazungumzo ya wengine. Mpwa alikuwa ametumwa kumuua zimwi. Badala ya kwenda, akaanza kuchuma majani. Dakika arobaini anachuma majani! Mimi namwangalia, na muziki unazunguka, fidla inasema kidogo, inanyamaza, inarudi, wala sikuchoka. Ghafla zimwi likatokea, ngoma zikaingia, sauti za kike zikapasuka juu, nikashika benchi. Lilipokufa ngoma zikaondoka, na fidla ikarudi kama iliyokwenda kuchota maji tu.

Hapo ndipo nilipoandika kwenye daftari: jembe.

Mtunzi wa sinema anajua mlango utafunguliwa sekunde ya ngapi. Wa gemu hajui huyu mtoto atachuma majani mpaka lini. Akimwandikia muziki wa sinema tupu, wenye kupanda na kufika kileleni, utafika kileleni mtu akiwa bado anachuma, kisha utaanza tena, na mara ya tano utamtia kichefuchefu. Anahitaji muziki unaokubali kukatwa popote na kurudiwa bila idadi. Wa namna hiyo ulikwisha kutungwa zamani, na watu waliokuwa wakilima, wakitwanga na kubembeleza watoto. Wimbo wa kulimia kwetu Rungwe hauna mwisho wake wenyewe, mwisho wake ni mwisho wa shamba. Una noti chache na hatua fupi, na anayejiunga katikati hapotei. Kwa hiyo ndani ya gemu moja wamegawana kazi: anayezurura anapewa wimbo wa jembe, anayepigana anapewa sinema.

Wajapani waliligundua upande mwingine, kwa umaskini wa vifaa. Mashine ya Nintendo iliyobeba gemu ya kwanza ya Zelda mwaka 1986 ilikuwa na njia chache tu za sauti, moja kati yake ya kelele za ngoma. Ukiwa na nafasi finyu hivyo huwezi kujificha nyuma ya okestra, wimbo wenyewe lazima usimame.

Ninalolalamikia ni moja. "Zamani" ya gemu hizi daima ina theluji na filimbi ya Ireland. Baridi hata sisi tunayo, nenda Kitulo alfajiri. Mapenenga ya Ziwa Nyasa, vile vibuyu vinavyolia kama tarumbeta, nani amevitia kwenye gemu? Na isisemwe nyimbo zetu hazisafiri: "Mfurahini, Haleluya" wameuweka kwenye melodia ya Kihaya, na Wajerumani wanauimba Pasaka. Kijana wa ukumbi, kumbe anasikiliza, akatuwekea Tales of Kenzera ya 2024, yenye wahusika wanaozungumza Kiswahili na hadithi zilizochotwa kwa Wabantu. Muziki ni wa Nainita Desai. Nilifurahi kuliko nilivyotaka ionekane, ingawa hata humo sinema naisikia ikichungulia nyuma ya ngoma.

Kasoro sasa. Dirisha la upande wa barabara halifungi, na saa kumi jioni upepo unaingia moja kwa moja shingoni. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ikawashwa, na kuanzia hapo spika ya kushoto ikawa na mngurumo wake yenyewe, karibu kabisa na l, ukagombana na fidla mpaka mwisho. Kubwa zaidi, tuliporudi wiki iliyofuata tulikuta mtu amehifadhi mchezo wake juu ya wa mpwa, na majani yote yale yamepotea. Mwenye ukumbi aliomba radhi na kutupa saa moja ya bure. Nilimwambia "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, ila daftari la kuandika nafasi ya kila mteja lisingemgharimu hata 2,000.

Nyota nne. Nendeni Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi, vijana wa mpira hawajafika, mwombe spika ziongezwe kidogo, mvae jaketi. Chai ya tangawizi inauzwa chini kwa mama mmoja mlangoni mwa duka la vipuri, 500, na anaruhusu kikombe kipande ngazi.