Kuinua Prado 90 kwa bajeti ndogo: kipi kinafaa pesa yako

Prado za umbo la 90, zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2002, bado zimejaa barabarani kwetu, na wenye nazo wengi wanafika gereji na ombi moja: "Fundi, ninyanyulie kidogo." Ombi si baya. Ila gari lenye zaidi ya miaka 20 mara nyingi limeshakaa chini lenyewe: koili zimechoka, na ulichodhani ni ufupi wa gari ni uzee wa springi. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, egesha gari tupu kwenye sakafu iliyonyooka, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, na uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo na uchakavu wa tairi vitakudanganya. Ukiona kulia na kushoto zinapishana sentimita mbili, tayari umejua pesa ya kwanza iende wapi.

Ujue pia unainua nini. Mbele, kila gurudumu linajitegemea, koili imevishwa kwenye shokapu na difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) imefungwa kwenye chesisi. Nyuma kuna ekseli nzima. Ukiweka springi ndefu, difu ya mbele inapanda na gari; ya nyuma inabaki palepale ilipokuwa. Hiyo huinuliwa na tairi tu. Ukitoka 265/70R16 ukaenda 265/75R16, unapata kama milimita 13 chini ya difu. Kwa kusikia ni kidogo, lakini kwenye njia ya mawe kama ile ya kutoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, milimita 13 ndizo zinazoamua kama jiwe litapita au litakwaruza. Kama tairi zako zinakaribia kuisha, anza nazo, na hakikisha haziparuzi ukikata kona hadi mwisho.

Kikomo cha gari hili kwa bajeti ndogo ni sentimita tano. Ukizidi hapo, sivijointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele) zinafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inapasuka mapema, na alaimenti inakataa kurudi sawa kwa mikono ya kiwandani, yaani vyuma vinavyoshika gurudumu. Anayekuahidi inchi tatu kwa bei ya kutupa anakuuzia matengenezo ya mwezi ujao.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia bora.

Namba moja: seti ya koili na shokapu zilizotengenezwa kwenda pamoja, za kupandisha sentimita nne hadi tano. Waaustralia ndio waliobobea hapa: Old Man Emu, Ironman 4x4, Dobinsons, Tough Dog. Kati ya hizo sitakugombanisha na rafiki yako. Nunua ile ambayo muuzaji wake yupo mjini kwako na atakupa risiti yenye dhamana. Kitu cha kusumbukia ni uzito. Koili hizi huuzwa kwa kadiri ya mzigo: za gari tupu, za mzigo wa wastani, za mzigo mkubwa wa kudumu. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu ana Prado ya kupeleka watoto shule, halafu ananunua koili za nyuma za kubeba kilo 400 kwa sababu ni "ngumu zaidi". Matokeo yake gari linaruka kwenye kila tuta na mama mkwe anagoma kukaa nyuma. Hesabu kinachokaa ndani ya gari siku zote: bampa ya chuma, winchi, keria, tenki la ziada. Mizigo ya sikukuu usiihesabu.

Ni ghali kuliko zote zinazofuata, na bado naiita ya bajeti, kwa sababu unalipa mara moja.

Namba mbili itawashangaza wengine: koili mpya za kimo cha kiwandani, na shokapu mpya za kawaida, Kayaba kwa mfano. Huinui chochote juu ya alichokusudia Toyota, unarudisha tu. Lakini gari lililokaa sentimita tatu litaonekana limenyanyuliwa, litatulia kwenye lami, wala hutagusa pembe za sivijointi. Anayekwenda kijijini Lushoto msimu wa mvua na kurudi, hii inamtosha kabisa, na chenji anunue tairi nzuri za matope. Tahadhari ni moja: shokapu bandia zimejaa madukani, na boksi jipya linalong'aa si ushahidi. Kama bei iko chini mno kuliko ya wakala, ondoka.

Namba tatu: spesa, yaani vipande vya kuongezea kimo, za mpira juu ya koili za nyuma, unene wa sentimita mbili au tatu. Kama koili bado zina nguvu na mkia tu ndio unainama ukipakia, hili ni suluhisho la heshima kwa pesa kidogo. Koili iliyokwisha haiponi kwa spesa.

Namba nne ni spesa ya chuma inayokaa juu ya shokapu ya mbele. Hii ndiyo inayouzwa sana kwa sababu ni rahisi, na fundi wa lethi yeyote anaweza kuichonga. Kwanza, kwa jinsi mikono ya mbele ilivyo, kipande cha milimita 25 kinainua gari kwa karibu mara mbili yake, kwa hiyo anayekuchongea cha milimita 50 hajui anachofanya. Pili, shokapu ndiyo inayozuia gurudumu lisining'inie kupita kiasi. Ukiisukuma yote chini kwa spesa, gurudumu linashuka zaidi ya lilivyokusudiwa kila linapoingia shimoni, na sivijointi na bolijointi (viungo vya mviringo vinavyounganisha gurudumu na mikono) ndizo zinazolipa. Koili ndefu haina tabia hiyo, kwani urefu wa shokapu haujabadilika. Ukilazimika kutumia spesa, isizidi milimita 20, na isiwekwe juu ya koili ambayo tayari ni ndefu.

Kuinua bodi kwa vipande kati ya bodi na chesisi nakuweka mwisho. Hakuna kitu chini ya gari kinachopanda isipokuwa bodi yenyewe. Na koili za gari jingine zilizokatwa au kuunguzwa kwa gesi zisikaribie gari lako hata ukipewa bure.

Kwenye bajeti acha nafasi ya bolijointi za chini za mbele. Kwenye gari hili uzito unazivuta zichomoke, hauzikandamizi, na ikichomoka gurudumu linalala na gari linapiga magoti barabarani. Zikiwa na mchezo hata kidogo, zibadilishwe kabla ya springi, na uchague bidhaa ya kiwandani.

Siku ya kufunga springi, simama hapohapo. Koili ibanwe kwa kifaa chake, si kwa waya wala mnyororo, ikifyatuka inaua. Boliti za bushi (mipira ya kwenye viungio) zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo bushi zinajisokota na kuchanika. Kama gari lina vali ya breki ya nyuma inayosoma mzigo kwa fimbo iliyoshikana na ekseli, fimbo hiyo irekebishwe, kwani baada ya kuinuliwa itadhani gari ni tupu na breki za nyuma zitalegea. Alaimenti ipigwe siku hiyohiyo na irudiwe baada ya kilomita 500 hivi, koili zikishatulia. Taa za mbele nazo zishushwe kabla hujatoka gereji, maana pua ikipanda unawapofusha wanaokuja.