PatchELF: kuhamisha programu za Linux kwa flashi, kutoka Tanga hadi Pangani

Nimetumia PatchELF, chombo cha bure kinachotunzwa na mradi wa NixOS, kupeleka programu za GDAL (zana za kusoma na kubadilisha data za ramani) kutoka kompyuta yetu ya Ngamiani, jijini Tanga, kwa wenzetu wa Pangani wanaochora ramani za mashamba ya mkonge. Kule intaneti ni ya bando, na kukompaili upya (kugeuza msimbo kuwa programu) kila mara kunakula nusu siku, kwa hiyo nilikihitaji kwa dhati.

Programu nyingi za Linux hazibebi maktaba zake, yaani mafaili ya msimbo yanayotumiwa kwa pamoja na programu nyingi. Ndani ya faili mna majina tu ya maktaba zinazohitajika, na mfumo huzitafuta programu inapofunguliwa. Ukiihamisha peke yake, inagoma. PatchELF huhariri maelezo hayo ndani ya faili lililokwisha kukompailiwa. Niliweka maktaba katika folda ya lib, jirani na bin yenye programu zenyewe, kisha nikaandika njia ya kuzitafuta (rpath):

patchelf --set-rpath '$ORIGIN/../lib' gdalinfo

$ORIGIN ni mahali faili lenyewe lilipo, hivyo folda nzima huweza kukaa popote, hata ndani ya flashi. Alama za nukuu ni za lazima, la sivyo sheli, inayosoma amri, huimeza $ORIGIN kabla haijafika kwa PatchELF. Jambo lililonipotezea jioni nzima ni kwamba njia hiyo haizifikii maktaba zinazoitwa na maktaba nyingine. Kila faili la maktaba (.so) nalo lazima liwekewe '$ORIGIN' yake. Maelezo ya chombo yangepaswa kulisema hili kwa herufi kubwa.

Lipo tatizo kisiloweza kulitatua. Tulikompaili kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc (maktaba ya msingi ya C) toleo la 2.35, na kompyuta ya Pangani, yenye Debian 11 na glibc 2.31, ikajibu kwamba GLIBC_2.34 haipatikani. Kunakili glibc yenyewe ni kujitafutia matatizo, kwa sababu kipakiaji chake (kinachoanzisha programu na kuzipakia maktaba) lazima kilingane nayo na njia yake iandikwe kamili, bila $ORIGIN. Dawa ni kukompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayoihudumia.

Sasa tunakompaili kwenye Debian 11, na folda ileile inafanya kazi kote kuwili. Njia ya proj.db, hifadhidata ya mifumo ya majira ya ramani ambayo GDAL huihitaji, tunaitaja wenyewe kwa kigezo cha mazingira PROJ_LIB, maana PatchELF haigusi mafaili ya data. Kwa kazi yake hasa, ninakipendekeza bila kusita.