Uzoefu wangu: mipira ya yurethani kwenye msumeno wa mkanda wa Delta wa inchi 14

Anayefufua Delta ya zamani ya inchi 14 (kipenyo cha gurudumu), ile ya Marekani yenye fremu ya chuma cha kutupwa, naomba aanze na mipira ya magurudumu, ile inayovikwa kwenye magurudumu yanayozungusha bledi. Rangi isubiri. Mpira wa asili ukizeeka hukauka na kupasuka, na vumbi la mbao hugandamana juu yake likawa vinundu. Bledi ikipita juu ya kinundu inaruka, mbao inatoka na mawimbi, na lawama zote zinaiangukia bledi.

Kabla ya kununua, chomoa umeme, fungua milango, zungusha gurudumu kwa mkono. Mruko unaojirudia kila mzunguko wa gurudumu unatoka kwenye mpira au beringi. Ukijirudia kila mizunguko miwili na kidogo, chunguza pale bledi ilipochomelewa: bledi yenye urefu wa inchi 93½ inazidi kidogo mara mbili ya mzingo wa gurudumu, ambao ni kama inchi 44.

Mipira ya yurethani (aina ya plastiki inayonyumbulika) niliyofunga ina upana wa inchi 1 na haihitaji gundi. Hilo ndilo lililonifanya niipende, maana kesho ikichakaa inavuliwa bila vita. Kazi ngumu ni kuondoa ule wa zamani. Ukate kwa kisu, kisha kwangua mabaki ya gundi, malizia kwa tina (thinner) na kitambaa mpaka chuma kiwe safi kabisa. Punje moja ya gundi ikibaki chini, kinundu kimerudi.

Mpira mpya ni mdogo kuliko gurudumu, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Uloweke kwenye maji ya moto sana kwa dakika kama 10, ubane upande mmoja kwa klampu, uvute kuzunguka kwa kijiti laini cha mbao. Bisibisi itauchana. Ukishakaa, pitisha kijiti cha mviringo chini yake mzunguko mzima ili mvuto usambae sawa. Pasipo hivyo upande mmoja unabaki mwembamba.

Kasoro ipo. Mipira ya bei ya chini huwa na mshono unaohisika kwa kidole, na mingine ni bapa. Kama rimu yako nayo ni bapa, tafuta mpira wenye mgongo katikati, la sivyo bledi nyembamba itahangaika kutulia.

Baada ya hapo rekebisha kila kitu upya: kaza bledi, iweke katikati ya gurudumu la juu, ndipo usogeze viongozi, yaani vile vipande vinavyoizuia bledi isiyumbe. Vya pembeni viache nafasi ya unene wa karatasi, nyuma kidogo ya mabonde ya meno. Beringi ya nyuma isiguse bledi mpaka mbao isukumwe.

Skrubu ya kukazia ikifika mwisho bledi bado imelegea, springi inayoivuta imechoka, na hakuna mpira utakaoiokoa. Badilisha springi, na ukimaliza kazi legeza bledi. Ikiachwa imekaza usiku kucha inaichosha springi na kuacha alama kwenye mpira mpya.